Nyumba Iliyochorwa Kutoka Barabarani

Dar es Salaam,
12 Mei 1973

Dada Somoe,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta na afya njema, wewe, shemeji na wanangu wote. Mimi huku mzima, kile kikohozi cha vumbi kimeniachia, kilichobaki ni kuwakumbuka tu. Baba hajambo? Mama je, goti lake linasemaje?

Nimesikia mmeshapewa kiwanja kwenye kijiji kipya, tena kando kabisa ya barabara ya Kilambo, na kwamba baba ameanza kufyatua matofali. Nimefurahi mno. Sasa msikilize mdogo wako, maana mara hii ana la kusema. Unajua kazi yangu hapa ofisini ni kuchora. Nachora nyumba za walimu, nyumba za waganga, nyumba za watu nisiowajua hata kwa sura. Nikajiuliza, wazazi wangu nao wamekosa nini? Ndani ya bahasha hii kuna karatasi kubwa iliyokunjwa. Ifungueni taratibu isije ikachanika kwenye mikunjo.

Hiyo ndiyo nyumba ya baba. Yatazame madirisha, dada. Ni mapana, mawili ya mbele yanaelekea barabarani na mawili yako nyuma, kila moja limetiwa wavu wa waya wa kuzuia mbu. Yale matundu ya nyumba yetu ya zamani, ambayo hata paka alikuwa anaingia kwa kujibana, tuyaache huko huko. Serikali inataka nyumba bora, na mimi nataka mtu akipita na gari apunguze mwendo aulize, hii ni ya nani?

Mpe baba karatasi mkononi. Mwambie fundi asibadilishe kitu.

Ni mimi mdogo wako,
Ahmadi


Kilambo,
30 Juni 1973

Kwako mdogo wangu Ahmadi,

Waalaykum salaam. Sisi huku wazima kiasi chetu. Goti la mama linauma asubuhi, mchana linapona, jioni linakumbuka tena. Baba ndiyo usiseme, amekuwa kijana.

Barua yako tumeipata, picha tumeipata, na maringo yako tumeyapata pia, hayakupotea njiani. Baba ameiweka picha ndani ya mkebe pamoja na kadi yake ya chama. Kila anayepita lazima aitwe aonyeshwe. Juzi amemwonyesha mtu aliyekuja kuulizia mbuzi wake aliyepotea, mpaka mtu akasahau mbuzi.

Kuta zimefika kifuani. Sasa kuna jambo, na ndilo lililonifanya nikae na kalamu mapema hivi. Mama aliitazama ile picha kwa muda mrefu, akaigeuza huku na huku, akauliza, "Mtu wa humu ndani anakaa wapi?" Nikamwambia anakaa popote, vyumba vyote ni vyake. Akasema, "Sikuulizi hivyo. Anakaa wapi asionekane?"

Ahmadi, huku si kule tulikotoka. Kule tulikuwa na mikorosho pande zote, hata ukikaa mlango wazi anayekuona ni kunguru. Hapa nyumba zimepangwa mistari. Mbele yetu barabara, nyuma yetu mstari mwingine wa nyumba, watu wanatazamana kama wako msikitini wakitoa salamu. Mama anataka mbao za kufunga dirisha kama za zamani, au kama haiwezekani, basi patiwe kitu ukutani cha kushikia pazia. Fundi wetu Josephu, yule Mmakonde wa misheni, amesema fremu ulizochora ni nyembamba, ni za kubana wavu tu, haziwezi kubeba bawaba. Anasema tukitaka kingine tumwambie sasa, kuta zikishafungwa na kupigwa lipu itakuwa kazi ya kubomoa. Wala yeye hajali, amesema atafuata atakachoambiwa.

Baba amesema tufuate picha. Lakini mama ameniomba nikuulize wewe, kwa kuwa picha ni yako. Jibu upesi.

Dada yako,
Somoe


Dar es Salaam,
9 Agosti 1973

Dada yangu mpendwa,

Assalaam alaykum, na baada ya salamu nyingi kwenu nyote nakujulisha kuwa mimi ni mzima. Nilichelewa kujibu, kazi zilinizidi.

Kuhusu madirisha, mwambie mama asiwe na wasiwasi. Pazia ni nguo, na nguo haiwekwi kwenye ramani. Nyumba ikishakwisha mtu ananunua kitambaa anachokipenda, anakitundika, basi. Hayo mambo ya mwisho kabisa, tena ni yenu wanawake, mtayapanga wenyewe. Nikija likizo nitaleta pazia la maua. Ama hizo mbao, hapana. Zitaziba mwanga wote na nyumba itarudi kuwa ghala. Josephu aache kutafuta kazi ya ziada.

Na mwambie mama kwa utani, bibi mzima wa umri wake nani atamchungulia?

Ahmadi wenu


Kilambo,
18 Novemba 1973

Ahmadi mdogo wangu,

Salamu kutoka kwa wote, wakubwa kwa wadogo. Shemeji yako aliugua homa, sasa anakula vizuri. Korosho mwaka huu zimezaa.

Tumehamia. Nyumba imesimama kama ulivyoichora, na kusema haki ni nzuri, Ahmadi, sina la kukuficha. Watu wanakuja kuishangaa. Baba anaweka kiti mbele pale, katikati ya madirisha mawili, anaitikia salamu za barabara nzima. Mimi mwenyewe nikija kuwasalimia najikuta natembea kwa madaha.

Ule utani wako nilimfikishia mama. Hakucheka.

Anafunga kanga madirishani kwa misumari na kamba. Lipu ni ya udongo na mchanga, msumari unakaa siku chache, upepo ukija unang'oka na bonge lake. Angezifunga kwenye waya wa wavu zingekaa, lakini baba amekataza. Anasema wavu utalegea, na wavu huo ndio anaoringia. Kwa hiyo mama akitaka kubadili nguo anajibanza kwenye kile kijia kati ya vyumba. Akitaka kulala mchana anajifunika gubigubi. Baba anamcheka, anamwita bibi harusi. Mama naye anamjibu, "Bibi harusi huwekwa ndani. Mimi umeniweka dukani." Basi wanacheka wote, yamekwisha.

Usisahau pazia la maua.

Dada yako,
Somoe


Kilambo,
10 Machi 1974

Ahmadi,

Assalaam alaykum. Sijui hii itatangulia au simu ya maandishi niliyomwomba mwalimu aipeleke Mtwara itatangulia.

Baba ametutoka. Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiun. Aliamka vizuri, akaswali, akatoka kukaa kwenye kiti chake, akasema kifua kinambana. Tulipomwingiza ndani hakusema tena. Tumemzika jana alasiri. Watu walijaa mpaka barabarani. Walikuwa wanakuulizia.

Mama ameingia eda, hatoki wala haonekani na mwanaume mpaka zitimie siku zake. Yuko na Bi Mwanakombo anayemhudumia. Tumemweka chumba cha nyuma, tumeziba dirisha kwa kanga zote tulizo nazo, nyingine za majirani.

Njoo ukipata njia. Usipopata, tunajua mvua.

Dada yako


Dar es Salaam,
21 Aprili 1974

Dada,

Nitasemaje assalaam alaykum leo? Simu haikufika. Barua yako imefika majuzi, imelowa. Nilikwenda stendi siku ile ile, wakaniambia Rufiji imefurika, magari hayavuki. Meli nayo nimeambiwa ningoje. Ofisini wamenipa pole, likizo wamesema mpaka Julai. Sikumfunga baba sanda, sikumtia udongo. Nashinda nachora nyumba za watu na machozi yanadondokea karatasi.

Mpe mama pole yangu. Mwambie mwanawe yuko naye.

Dada, nimefikiri nitamfanyia nini baba nikiwa huku. Nimesikia wakubwa kutoka mkoani watazunguka vijiji vya huko mwezi ujao kutazama nyumba bora. Nimemwandikia mwenyekiti wa kijiji, nimemweleza habari za nyumba yetu na nimemwomba awapitishe pale. Jina la baba litatajwa mbele ya watu. Hilo tu ndilo ninaloweza. Najua mama yuko eda, lakini wao watatazama kwa nje, hawataingia.

Mdogo wako,
Ahmadi


Kilambo,
2 Juni 1974

Ahmadi,

Assalaam alaykum. Sisi wazima. Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo barua inavyoanza.

Mama amenikataza kukuandikia haya. Amesema mtoto yuko mbali na ana huzuni yake, msimtwishe. Nimemtii kwa muda, leo nimeshindwa.

Wageni wako walikuja. Nianze na langu, maana nikianza na lako nitajifanya malaika. Mwenyekiti alipokuja kutuambia, ningeweza kumwambia nyumba hii ina eda, wapitisheni kwingine. Angeelewa, naye ni mtu wa hapa. Sikumwambia. Nilitaka waione, Ahmadi. Nilitaka mke wa mwenyekiti anione nimesimama mlangoni. Nilifagia mpaka barabarani, nikanyunyiza maji. Na zile kanga za madirisha ya mbele, zimefubaa na zimetoboka, nikaona zinaiaibisha nyumba, zinaonekana kama nguo za mgonjwa. Nikazitoa. Nikasema mama yuko chumba cha nyuma na mlango umefungwa, kuna ubaya gani.

Wakaja wengi kuliko nilivyodhani, na mtu wa kamera. Walisimama mbele wakasifu. Jina la baba lilitajwa kama ulivyotaka, nikalia kwa furaha. Halafu mmoja, mgeni wa bara huko, mtu mwenye heshima zake, akasema na nyuma pakoje? Wakazunguka. Mwenyekiti akaanza kusema jambo, sauti ikamfia, maana aliyekuwa mbele ni mkubwa wake. Mimi nikawafuata nikiwa bado nimeshika ufagio.

Upepo wa kusi ulikuwa umeipiga ile kanga tangu asubuhi. Tulikuwa tumeitundika kwa msumari kama siku zote, kwenye wavu hatukufunga kwa kuwa marehemu alikataza na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulivunja neno lake. Wamefika mbele ya dirisha, msumari ukang'oka na bonge la lipu, kanga ikaanguka upande mmoja.

Mama alikuwa amekaa mkekani, kichwa wazi, Bi Mwanakombo anamfumua nywele. Na dirisha lako lile, Ahmadi, linaanzia chini, mtu aliyekaa mkekani anaonekana mpaka magoti. Wanaume wote wale walimwona. Yule mgeni wala hakuwa na nia mbaya, hajui mila zetu. Alivua kofia akasema, "Pole na msiba, mama. Hongera kwa nyumba nzuri." Akangoja aitikiwe.

Mama hakupiga kelele. Aligeuza uso ukutani akajikunja, akawa mdogo kama mtoto. Bi Mwanakombo alijaribu kumfunika, kanga ya kumfunika imenasa chini ya mkeka. Mtu wa kamera akainua kamera yake. Hapo ndipo miguu yangu ilipopata akili. Nilikwenda nikasimama mbele ya dirisha, nikatandaza mikono na kanga yangu, mgongo kwao. Nikawa pazia mimi. Nilibaki pale mpaka niliposikia magari yanaondoka, na muda wote nilikuwa namtazama mama kupitia wavu, naye hanitazami.

Jioni alijitanda akahamia kwenye kile kibanda cha korosho uani, kile kisicho na dirisha. Bi Mwanakombo alimwambia mjane hatoki nyumba ya mumewe. Mama akasema, "Hata hiki alikijenga yeye, kwa mikono yake, bila picha." Yumo humo mpaka leo na goti lake, juu ya magunia. Anasema eda yake imeharibika, amemvunjia mumewe heshima kaburini hata udongo haujakauka. Nimemwambia Mungu anajua. Ananijibu, "Mungu anajua, na Kilambo nzima inajua."

Ulimwuliza nani atamchungulia. Nimeona nikujibu.

Somoe


Kilambo,
11 Agosti 1974

Ahmadi mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Hujambo? Unaumwa? Tangu ile barua yangu hujaandika hata mstari. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu unaijua tangu utotoni, inapita. Nusu ya mambo yale niliyafanya mimi kwa mkono wangu.

Eda imekwisha. Tulimwogesha mama alfajiri, tukamvika kanga mpya, tukasoma dua. Nilifikiri atarudi ndani. Amerudi kibandani. Harusi ya binti wa jirani hakwenda. Darasa la kisomo cha watu wazima ameliacha, na alikuwa ameshaanza kuandika jina lake. Kisimani anakwenda wakati watu wanakula. Akisikia sauti ya mwanaume barabarani anashusha kanga usoni. Nyumba ya baba iko pale na wavu wake mzuri, ndani wanalala kuku.

Ulisema likizo yako Julai. Julai imepita. Mama haulizi, ila kila lori likisimama anainua kichwa, likiondoka anaendelea na kazi yake.

Dada yako,
Somoe


Dar es Salaam,
5 Septemba 1974

Dada Somoe,

Assalaam alaykum. Natumaini mama hajambo. Naandika hivyo na naona haya hata kumwuliza hali.

Barua yako ya Juni niliisoma ofisini, nikaikunja, nikaenda chooni nikakaa huko. Nilijaribu kujibu mara nyingi. Kila nikiandika "naomba radhi" naliona neno lenyewe ni dogo, nachana. Mwisho nikawa naona afadhali unihesabu mtu mbaya kuliko kunihesabu mtu wa maneno.

Nikuambie jambo moja tu. Nilipopata chumba changu hapa Dar es Salaam, dirisha lake lilikuwa linatazamana na la jirani. Kitu cha kwanza nilichonunua kilikuwa pazia, dada. Kabla ya kitanda. Nililala sakafuni lakini nililala nimejisitiri. Halafu nikamwambia mama yangu pazia ni jambo la mwisho. Sikusahau kwa bahati mbaya. Nilipochora ile nyumba nilikuwa nimesimama barabarani, akilini mwangu, natazama watu watakavyoiona. Sikuingia ndani hata mara moja kumwona yeye amekaa wapi. Na aliniuliza wazi, na nafasi ya kurekebisha ilikuwepo, ukuta ulikuwa kifuani, nami nikafanya utani. Nikifikiria utani ule nasikia joto usoni hata nikiwa peke yangu.

Kwenye lori lililoleta barua hii kuna fremu mpya, nene, na mbao za kufunga madirisha yote, na bawaba zake na makomeo ya ndani. Josephu abomoe zile nyembamba. Wavu autoe taratibu aurudishe kwa nje, ili neno la baba nalo lisivunjike. Juu ya kila dirisha la chumbani atie kipande cha mbao ukutani, kina ndoano za waya wa pazia. Kitambaa kimo kwenye mfuko wa kaki. Si cha maua. Ni kizito, nilikitazama dhidi ya jua na hakionyeshi kitu.

Mimi sitaweza kuja. Likizo imezuiwa, kazi nyingi. Mpe mama salamu, kama utaona zinafaa.

Ahmadi


Kilambo,
13 Septemba 1974

Kwako mdogo wangu Ahmadi,

Waalaykum salaam warahmatullah. Sisi wazima, na safari hii naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Josephu amemaliza jana. Alibomoa pembeni mwa madirisha yote, vumbi likaingia hata kwenye ugali. Mama alikuwa anachungulia kutoka kibandani, kwanza kwa mbali, halafu akasogea, halafu akaanza kumwelekeza pa kutia komeo. Alilitaka chini, mahali mkono unapofika mtu akiwa amekaa mkekani. Josephu akasema si kawaida. Mama akasema, "Mimi ndiye nitakayekaa." Likatiwa chini.

Kazi ilipokwisha aliingia chumba cha nyuma peke yake, mara ya kwanza tangu siku ile. Nikasikia mbao zinafungwa, komeo linaingia. Akaniita kutoka ndani, "Somoe, nenda kasimame pale waliposimama." Nikaenda. Nilipofika nikaona kama bado nimeshika ule ufagio.

Akauliza, "Unaniona?"

Nikasema, "Sikuoni, mama."

"Tazama vizuri."

Nikasogea, nikaweka jicho kwenye uwazi wa mbao. Nikamwambia naona giza tu. Halafu nikasikia anakunjua mkeka, anakaa, na goti lake linalia kama kawaida. Nikakaa chini kwa huku nje, tukawa tumeegemea ukuta mmoja, yeye ndani mimi nje. Nikamwambia ni mimi niliyezitoa zile kanga za mbele. Sikuwahi kumwambia. Akasema, "Nilikuona ukizitoa. Hata mimi nilitaka waione." Basi tukalia, hatukuonana.

Jana amelala ndani. Kuku nimewafukuza.

Sasa tuje kwako. Barua yako juu imeandikwa Dar es Salaam. Haina stempu, Ahmadi. Mbao zinanuka utomvu, zimepasuliwa juzi, na huyo dereva Yohana aliyezileta hajui kudanganya. Jana jioni alipopita tena nilimpa maji tu, akanieleza habari za kijana mwembamba aliyemsaidia kupakia pale Likombe, Mtwara, aliyekuwa anapima kila fremu kwa mkono na kurudia, anayelala kwa rafiki yake Filipo wa bandarini tangu meli ya mwezi uliopita. Akasema alimwambia, panda twende wote, kijana akasema ana kazi. Umekuja kutoka Dar es Salaam mpaka Likombe ukashindwa kumalizia hapo palipobaki.

Nilifikiri nimfiche mama. Lakini alikuwa nyuma ya dirisha, amefunga, sikujua kama yupo. Ametusikia neno kwa neno, kumbe hizi mbao zako zina faida hiyo pia. Akacheka. Tangu Machi sijamsikia akicheka. Halafu akaniambia nikae niandike, na haya yanayofuata ni maneno yake, mimi kalamu tu:

"Mwambie mbao zimefika na hazipitishi jicho. Mwambie ule utani nilikuwa nimemsamehe tangu siku ile ile, kwa sababu baba yake naye alikuwa hivyo hivyo. Mwambie kaburi la baba yake liko huku, haliko Likombe. Na mwambie eda yangu imekwisha. Yeye anakaa ya nani?"

Yohana anarudi na lori Jumatatu, kabla mwezi wa mfungo haujaandama. Atakupitia kwa Filipo asubuhi, nimeshamwambia asikubali neno "nina kazi".

Mama ametoa kiti cha baba kibandani, amekipangusa. Dirisha la mbele amelifungua mwenyewe leo alfajiri, mbao zote mbili mpaka mwisho, akakaa hapo. Nikamwuliza, mama, si unaonekana? Akasema anataka aone lori kabla halijasimama.

Dada yako,
Somoe